Usingizi Uliobaki Kwenye Kope

Mimi nilisoma kwa masista, Kiswahili cha kitabu nakijua vizuri, lakini hasira ikinipanda kinanitoroka chote, nabaki na kile cha mtaani kwetu Kadutu. Munivumilie basi, maana habari ya Séraphine siwezi kuisema bila hasira. Na musidhani namkasirikia mtu. Nakasirikia neno. Neno moja tu, usingizi, ambalo lilisemwa vibaya na mtu mwema, likasikilizwa vizuri na mtu mwenye akili.

Séraphine alikuwa jirani yangu. Tulikaa parcelle moja, kiwanja kimoja, mlango wake ukitazamana na wangu, katikati bomba la maji na ugomvi wetu wa kila siku juu ya nani afagie. Mimi nilikaanga mikate asubuhi na kuiuza kando ya njia, yeye alikuwa fundi wa nguo. Wakati ule serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na kwenye kitambulisho aliandikwa jina la babu yake. Lakini nani angeingia jikoni kwangu anikataze kumwita rafiki yangu Séraphine? Aka! Angetoka na mafuta ya moto mgongoni.

Alizaliwa Bunyakiri, akaletwa Bukavu na mume wake Télesphore, ambaye alikuwa karani. Serikali ilipofungulia watu kuchimba dhahabu, Télesphore akatupa kalamu, akaenda zake Shabunda, akisema anarudi karibuni. Tulimngoja. Séraphine hakulia mbele ya watu, aliendelea kushona. Alishona abacost, yale makoti ya kiserikali, za wakubwa wa mtaa wa Muhumba, na abacost si nguo ya mchezo. Haina tai ya kuficha kosa, kola ikipinda kidogo mji mzima unaiona. Kola za Séraphine hazikupinda. Alikuwa mtu wa kunyoosha, hakuweza kuvumilia kitu kinachoning'inia. Ukipita mbele yake pindo la kikwembe chako limefumuka, anakukamata hapo hapo njiani, anachomoa sindano kifuani kwenye blauzi yake, anakupindia umesimama, watu wanapita wanacheka. Ukimwambia acha, nitashona nyumbani, anakujibu, "Nyumbani kwako namujua fundi wa kule?"

Basi jicho lake la kuume likaanza kuingia ukungu, na la kushoto likalifuata nyuma. Alituficha. Tulijua siku moja citoyen mmoja, bwana wa ofisi, alipokuja kuchukua koti lake la bluu, akakuta mfuko umeshonwa kwa uzi wa kijani. Akaugeuzageuza, akauliza kwa heshima kabisa, "Maman, hii ni modèle mpya ya Kinshasa?" Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Séraphine hakucheka. Alichukua koti, akaingia ndani, akafunga mlango, na nilipomfuata nilimkuta amelishika karibu na pua, machozi yanamtiririka. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na kwa bahati, hospitali moja ya mjini ilikuwa imepokea dokta wa macho kutoka Ulaya, mzee mpole wa mikono mikubwa, aliyekuja kupasua watu kwa muda kisha anarudi kwao. Aliposema ataanza na jicho la kuume, lililoharibika zaidi, na la kushoto atalifanya akirudi, Séraphine alikubali mbio. Mimi nikafunga biashara ya mikate, nikaenda kuwa garde-malade wake, kumpikia na kumshika mkono, maana Valérie, binti yake wa pekee, alikuwa na mitihani ya ualimu.

Walimchoma sindano ya usingizi. Ndivyo tunavyoiita sisi wote, iwe ya kulaza mtu mzima, iwe ya kulaza jino tu. Hii ilikuwa ya kulaza jicho. Wanakuchoma pembeni, ndani kabisa, jicho linalala, mwenyewe uko macho. Séraphine aliniambia baadaye kwamba alisikia kama mtu anasukuma kidole nyuma ya jicho, kisha kila kitu kule kikanyamaza, akabaki anasoma Salamu Maria na kusikia vyuma vinagongana.

Walipokuja kufungua bandeji, nilikuwa nimesimama pale nimeshika bakuli la uji. Infirmier Gaston, muuguzi wa pale, akatoa pamba taratibu. Tukangoja jicho lifunguke. Halikufunguka. La kushoto lilikuwa linatutumbulia, la kuume kope imelala chini kabisa, kama ya mtoto anayenyonya.

"Fungua, Maman," Gaston akamwambia.

"Ninafungua."

"Fungua tena."

"Nimesema ninafungua! Munaona nimefunga?" Akanikamata nguo. "Delphine, wameitoa? Wametoa jicho yangu?"

Yesu Maria, uji wote nilimwaga chini. Lakini dokta hakushtuka. Alikaa kwenye kitanda, akaweka dole gumba juu ya ile kope, akaiinua polepole. Séraphine akamtazama yule mzungu usoni, akashuka shingoni, akafika kifuani. Kisha akasema, "Huyu papa, kifungo yake ya pili wameishona na uzi ingine."

Tulitazama sote. Vifungo vyote vya koti lile jeupe vilikuwa na uzi mweupe, cha pili kilikuwa na uzi wa rangi ya maziwa. Mimi mwenye macho yangu mawili mazima sikuwa nimeona. Nikapiga kelele za furaha, dokta naye akacheka bila kujua anacheka nini. Jicho lilikuwa zima! Lilikuwa zuri kuliko la siku zote, tatizo ni lile pazia tu.

Hapo ndipo dokta alipoongea. Aliongea Kifaransa chake cha haraka, kirefu, anaonyesha kope yake mwenyewe, anakunja kidole na kukikunjua, anatikisa kichwa kama mtu anayekataza. Gaston akasikiliza yote, akatugeukia, akafupisha.

"Anasema usingizi ya sindano ingali kwenye kope. Itatoka yenyewe, itaamuka. Inaweza kukawia, hata miezi. Muiache tu."

Ni hayo tu. Hotuba yote ile ya mzungu ikawa maneno ya kushika mkononi. Gaston alikuwa mtu mzuri, wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka kwenye baraza, na sote tuliridhika. Dokta naye, siku chache baadaye, akarudi kwao.

Nyumbani watu walikuja kumsalimia, na Kadutu haiishi bila mzaha. Muzee Philémon, mwenye nyumba wetu, alimtazama vizuri akasema, "Kumbe njo vile! Wametoa mutoto, mama yake amechoka kuzaa, amelala." Séraphine mwenyewe alicheka. Mimi nikaongeza langu, kwamba wanasema macho hayana pazia, lakini ya Séraphine yamepata la bure. Tulicheka siku zile. Akitaka kuona kitu vizuri, anainua kope kwa kidole, anatazama, anaiachia.

Mzaha uliisha pole pole. Fundi anahitaji mikono yote miwili, hana kidole cha kushikia kope. Mteja mmoja wa Muhumba akadhani anamkonyeza, naye akaanza kuja bila nguo ya kushona, mpaka mke wake akaja kututukania mbele ya mlango. Hata hilo tulilimeza.

Lililoshindikana kumezwa lilitoka kwa wakwe. Valérie alikuwa amepata mchumba, Adalbert, kijana wa adabu, mwana wa watu wa ofisi na chuo kikuu. Wazazi wake walikuja kwa ile ziara ya kwanza ya kujitambulisha. Mama mkwe, Maman Anne-Marie, alikuwa mwanamke wa kusoma, amekaa wima, anaongea taratibu. Séraphine aliona aibu kuinua kope kwa kidole mbele ya wageni, akakaa hivyo hivyo, jicho moja wazi, moja limelala. Hakuna aliyesema neno. Lakini maneno yana miguu. Baada ya siku chache Valérie alirudi amevimba uso kwa kulia.

"Wanasema nini?" mama yake akamuuliza.

"Mama, tuache."

"Sema!"

"Mama ya Adalbert anasema walikuwa wanaongea, weye unasinzia. Papa yake anauliza kama ile ni ugonjwa ya ukoo. Kama na watoto watazaliwa nayo."

Nilikuwa pale. Nilitaka nivae viatu niende Muhumba nikamwonyeshe huyo papa ukoo ni nini. Séraphine alinishika mkono. Alikuwa ametulia, na utulivu ule haukunipendeza.

"Siku ya mahari hawatanikuta hivi," alisema. "Mutoto yangu hatakosa ndoa juu ya ngozi yenye kuning'inia."

Kesho yake alinunua sparadra, ile plasta ya kubandika vidonda. Alikata kipande chembamba kwa makasi yake ya kazi, akapunguza kona, akasimama mbele ya kioo, akaipandisha kope, akaibandika juu chini ya nyusi. Alipima, akabandua, akakata kingine. Nawaambia ukweli, alilipinda jicho lake kama anavyopinda suruali. Na alipogeuka kuniangalia, jicho lile likiwa wazi, safi, linang'aa, sikuweza kumgombeza. Alikuwa amerudi Séraphine wetu. Alikaa kwenye mashini, akashona mpaka giza, anaimba.

Kama angeishia hapo, akibandika mchana kidogo na kubandua, pengine leo nisingekuwa na hasira. Lakini asubuhi moja nilimpelekea mikate kabla hajaamka, nikasukuma mlango, nikamkuta kitandani amelala, anakoroma, na lile jicho la kuume wazi kabisa linaangalia bati. Nilirudi nyuma. Niliogopa kama nimeona maiti.

Nilimwamsha kwa ukali. "We Séraphine! Unalala na jicho wazi?"

"Halilali," akasema. "Njo ninataka lisilale."

"Juu ya nini?"

Akakaa, akanieleza kwa subira, kama mwalimu. "Gaston alisema nini? Usingizi iko kwenye kope. Sasa mutu akiwa na usingizi mubaya, usingizi ya dawa, unamuacha alale tena usiku muzima? Usingizi inakula usingizi, inanenepa. Mutu kama huyo wanamukesheza mpaka imutoke. Mimi ninalikesheza."

Munaona? Ndiyo maana nasema alisikiliza vizuri. Kwetu mtu akinywa dawa vibaya akalegea, hatumwachi asinzie, tunamtembeza, tunampiga makofi, tunamwimbia mpaka asubuhi. Séraphine alichukua lile neno, akalifuata moja kwa moja mpaka mwisho wake. Nilimjibu kwamba Gaston alisema pia tuiache. Akasema kuiacha ni kazi ya watu wasio na siku ya mahari mbele yao. Nikamwambia haraka haina baraka. Akasema na wakwe hawana subira. Tukagombana sana asubuhi ile, mikate ikapoa.

Ilikuwa kiangazi, vumbi la Kadutu linapanda mpaka kwenye sufuria, na yeye alipiga pasi ya makaa kutwa nzima, moshi na majivu usoni. Jicho likaanza kuwa jekundu. Akasema anasikia mchanga ndani. Kisha likaanza kutoa machozi bila kukoma, na mwanga wa mlangoni ukawa unamchoma, akahamisha mashini kwenye kona. Nilimwambia twende hospitali. Akasema baada ya mahari. Nilimwambia tena, nikamwambia mbele ya Valérie, na Valérie akamsihi amepiga magoti. Akatujibu, "Linalia sababu linaanza kuamuka. Mutoto akiamuka halii?" Sikio la kufa, jamani. Nilitoka nimebamiza mlango.

Siku ya mahari ikafika. Séraphine alivaa vizuri, kitambaa kichwani amekishusha chini kufunika sparadra, na macho yote mawili wazi. Télesphore hakuwa amerudi, ndugu yake mkubwa alisimama mahali pake. Wakubwa wakasema maneno ya wakubwa, majibu yakapatikana, vigelegele vikapigwa. Séraphine alikaa wima kama Maman Anne-Marie, na machozi yanamshuka shavu la kuume mfululizo. Maman Anne-Marie aliyaona, naye akalainika. Alihama kiti chake, akaja kukaa karibu, akamshika mkono. "Maman, usilie," alimwambia. "Mutoto yako anakuja kwa wazazi." Watu wakaguswa, hata wanaume. Yule mama alikuwa na moyo, siwezi kumnyima hilo.

Kisha Valérie akaletwa mbele, mbele kabisa, karibu tungeweza kumgusa. Na Séraphine akanivuta kwa mkono wa pili, akaweka mdomo kwenye sikio langu.

"Delphine. Valérie anacheka ao analia?"

Nikamtazama. Lile jicho lilikuwa limeelekezwa kwa binti yake, wazi, jekundu, na katikati kwenye kioo chake nikaona kitu cheupe ambacho asubuhi sikukiona, au sikutaka kukiona. Nikasema anacheka. Alikuwa anacheka kweli.

Siku ya pili yake nilimkokota hospitali. Yule dokta wa Ulaya alikuwa hajarudi, tulipokewa na dokta mwingine, Mzaïrois kijana, mtu wa Mwenga. Alibandua ile sparadra, akaangalia kwa taa yake muda mrefu, akakishika mkononi kile kipande kidogo kilichokatwa kona vizuri, akauliza nani alifanya hivi. Séraphine akaeleza yote, kutoka usingizi mpaka kukesheza. Kijana yule hakugombeza. Aliuma midomo yake.

"Maman," alisema kwa Kiswahili chetu, "hapakuwa usingizi. Kuko musuli, kama kamba ndogo, njo inapandisha kope. Sindano iliuchokoza, ukalegea. Ulikuwa unapona wenyewe. Lakini jicho bila kope kulifunika usiku linakauka. Limekauka, likatoka kidonda."

"Na kidonda kitapona?"

"Kitapona. Kitaacha kovu."

"Kovu ni ya juu tu?"

Aliweka taa yake chini. "Kovu iko kwenye dirisha, Maman. Nuru itapita. Sura za watu, hapana."

Séraphine alitikisa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya kitambaa. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa sauti pale, mbele ya wagonjwa wote, nikauliza Gaston yuko wapi, nikamtafuta mpaka chumba cha sindano, nikamshika koti. Masikini Gaston. Alipofahamu alikaa juu ya sanduku la dawa, akasema, "Nilisema usingizi mupate kuelewa." Nikaachia koti lake. Ningemfanya nini?

Kidonda kikapona, kovu likabaki jeupe. Valérie alifunga ndoa, akahamia kwa wakwe, na Maman Anne-Marie akawa anatuma mtu kila mara kuuliza hali. Mashini ikafunikwa kitambaa. Lile jicho la kushoto nalo likaendelea kuingia ukungu, mpaka Séraphine akawa ananijua kwa harufu ya mafuta yangu. Kila nikimtajia yule dokta mzungu anarudi lini, anageuza mazungumzo, na mimi niliogopa kuuliza zaidi. Nilijua anafikiria ile sindano.

Mvua zilikuwa zimeanza tena nilipomkuta asubuhi moja amekaa kizingitini, anachambua maharagwe kwa vidole. Aliinua uso kunisalimia. Nikasimama. Kope ya kuume ilikuwa juu. Juu kabisa, sawasawa na mwenzake, bila sparadra, bila kidole, kama alivyosema yule mzee wa mikono mikubwa.

Akasikia hatua zangu zimekoma.

"Nini, Delphine?"

"Kope yako," nikasema. "Imefunguka."

Akapeleka kidole, akaigusa pole pole, mwanzo mpaka mwisho. Hakuwa amejua. Ilikuwa imefunguka na mwenyewe hakuwa amejua, ilibidi aambiwe na jirani. Moyo wangu uliniuma siku ile kuliko ile ya hospitali, nawaambia kweli.

"Imefunguka yote?"

"Yote."

Akarudisha mkono kwenye maharagwe, akatoa jiwe, akalitupa. Kisha akasema, "Nenda kwa Gaston. Mwambie dokta akirudi nitakuja kwa ile ya kushoto. Lakini mwambie Gaston, mara hii asinifupishie. Mzungu akisema, anipe maneno yote, moja moja, hata ile sitaelewa. Nitauliza."

Nikaacha mikate yangu pale kizingitini, nikaenda.